Alfama Ilipokuwa na Wenyewe

Asubuhi za Alfama, Aprili ya 1999, zilianza kwa wanawake kusemezana madirishani. Vichochoro vya mtaa ule ni vyembamba mno, hata mtu wa ghorofa ya pili huku na jirani yake wa ng'ambo huongea bila kupaza sauti, nguo zilizoanikwa zikining'inia katikati yao. Walianza na habari za usiku: nani kakohoa, nani hakupata usingizi, mguu wa nani umevimba. Kisha bei ya samaki. Sikujua Kireno, lakini aliyekulia Kilwa Kivinje hahitaji kutafsiriwa kila neno la mazungumzo ya namna hiyo. Rafiki yangu wa Msumbiji alinitafsiria akiwa bado kitandani, macho ameyafumba, na mara nyingi nilikuwa nimeshakisia.

Tulikuwa walimu, sote wawili tukisoma mafunzo ya muda mfupi Uholanzi. Ilipofika likizo yeye ndiye aliyesema twende Lisbon. Alitaka kuwapo siku ya Aprili 25, maana mwaka ule mapinduzi yaliyowaondoa watawala wa kidikteta wa Ureno yalikuwa yanatimiza miaka 25. Nami nilikubali haraka. Jina la Lisbon nililisikia kabla ya majina ya Paris na Roma, kwa kuwa kusini kwetu vita vya Msumbiji havikuwa habari za mbali. Frelimo iliasisiwa Dar es Salaam Juni 25, 1962. Wapiganaji wake walifunzwa Nachingwea. Rais wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa hukohuko Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi, Februari 3, 1969. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi mwaka 1974, na nakumbuka baba akiiweka redio ya betri barazani ili majirani nao wasikie kwamba askari wa Ureno wamegeuza mitutu kuielekeza kwa serikali yao wenyewe. Wazee walikaa pale mpaka usiku. Hakuna aliyeshangilia kwa kelele, waliogopa habari isije ikawa si kweli.

Tulipanga chumba kwa mama mmoja mjane aliyevaa nguo nyeusi kila siku. Nyumba haikuwa yake. Alikuwa mpangaji wa miaka mingi, akilipa kodi ya zamani ambayo sheria iliizuia isipande, na chumba kimoja akikitoa kwa wageni ili apate chochote cha kuongezea pensheni ya marehemu mumewe, aliyekuwa mpakuzi wa mizigo bandarini. Alizaliwa katika nyumba ileile. Watoto wake wawili walihamia upande wa pili wa mto, kwenye maghorofa mapya, na walimsihi awafuate. Alfama, walimwambia, ni mtaa wa maskini: unyevu ukutani, choo cha kubanana, ngazi zisizokwisha. Hayo yote yalikuwa kweli. Alituonyesha kwa mkono ukuta uliobambuka rangi, kisha akatuonyesha dirisha, na nje ya dirisha mto Tagus ukiwa mpana kama bahari, na hakusema neno.

Jioni alitupikia chewa mkavu wa chumvi, anayelowekwa kutwa nzima kabla hajapikwa, sawa na ng'onda wetu. Nilipomweleza, kupitia kwa rafiki yangu, kwamba kwetu pia samaki hukaushwa kwa chumvi na huwa na harufu hiyohiyo, alinyanyuka akaongeza kipande kingine kwenye sahani yangu. Tangu hapo akaniita mwanangu.

Alfama haikuwa ya kutazamwa tu, na ndiyo maana naikumbuka. Imekaa kwenye mwamba chini ya ngome ya São Jorge, na vichochoro vyake vimefuata mpangilio wa tangu enzi za Waislamu, kabla mji haujatekwa na mfalme Mkristo mwaka 1147. Tetemeko la Novemba 1, 1755, lililowakuta watu makanisani siku ya Watakatifu Wote, liliangusha sehemu kubwa ya Lisbon. Mawimbi yakapanda kutoka mtoni, na moto ukamaliza kilichosalia. Jumba la mfalme la kando ya mto liliteketea pamoja na maktaba yake. Sehemu ya chini, Baixa, ilijengwa upya chini ya Marquês de Pombal, mitaa ikanyooshwa kwa kamba, na ndani ya kuta ikawekwa mifupa ya mbao ili nyumba zikitikiswa ziyumbe zisianguke. Alfama kwa sehemu kubwa ilisalimika. Kwa hiyo ukipita pale unapita mahali palipokaliwa na watu mfululizo, kizazi juu ya kizazi, na mwaka 1999 bado ungeweza kuwaona: vinyozi, mafundi viatu, duka la mkaa na kuni, watoto waliocheza mpira ngazini, wazee walioleta viti vyao nje jua lilipofika kichochoroni kwao na kuviondoa jua lilipohama.

Tramu namba 28, ile ya njano inayopanda na kushuka vilima, ilikuwa usafiri wa watu wa pale. Ilitoka Martim Moniz, ikapita Graça na Alfama, ikaenda hadi Campo de Ourique, imejaa wanawake na vikapu vya sokoni. Dereva aliwajua abiria wake. Mara moja alisimama katikati ya njia akamngoja bibi mmoja amalize kufunga mlango, na ndani ya tramu hakuna aliyelalamika.

Siku ya Aprili 25 tuliteremka Avenida da Liberdade pamoja na maandamano. Watu walibeba maua mekundu, yale waliyoyachomeka kwenye mitutu ya bunduki mwaka 1974. Wazee wengi walikuwa askari wa vita vya makoloni. Mmoja wao, alipomsikia rafiki yangu akiongea Kireno cha Msumbiji, alimuuliza anatoka wapi. Beira, akajibu. Yule mzee akasema yeye alipelekwa Mueda, kule Cabo Delgado, akiwa na miaka 20. Walisimama wakitazamana, maandamano yakiwapita pande zote mbili. Kaka mkubwa wa rafiki yangu aliingia msituni na Frelimo na hakurudi. Alimwambia hivyo yule mzee, kwa sauti ya kawaida. Mzee akavua kofia. Kisha akampa ua alilokuwa nalo, na rafiki yangu akalipokea. Baadaye tulipanda hadi uwanja wa Carmo, mbele ya kambi ambako kapteni Salgueiro Maia aliweka magari yake ya deraya na waziri mkuu Marcelo Caetano akasalimu amri. Kando yake yako magofu ya kanisa lililobomolewa na tetemeko na kuachwa bila paa mpaka leo. Rafiki yangu alikaa kwenye ngazi akalia, akisema kwamba uhuru wa kwao ulipita hapa pia, na kwamba hakuna aliyewahi kumfundisha hivyo shuleni.

Belém tulipita upesi. Ni mahali pa fahari, nakiri, na monasteri ya Jerónimos ina nguzo zilizochongwa kama kamba na matawi ya miti. Ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa ushuru wa asilimia tano wa biashara iliyotoka Afrika na Mashariki. Ndani ya kanisa lake yumo Vasco da Gama, kaburi la jiwe jeupe lenye meli iliyochongwa ubavuni. Nilisimama pale kwa muda mfupi kuliko nilivyodhani ningesimama. Kilichonishika hakikuwa Belém.

Kilikuwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa za kale, Rua das Janelas Verdes, katika chumba ambamo siku ile tulikuwa sisi wawili na mlinzi. Ndani ya kioo kuna monstransi, kile chombo ambacho Wakatoliki huweka Ekaristi ili waumini waiabudu. Kimo chake hakifiki mita moja. Ni dhahabu tupu iliyopambwa kwa rangi ya kioo: mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka, kila uso ukiwa na sura yake, juu yao minara myembamba, chini, kwenye kitako, ndege, maua na konokono wadogo sana. Kazi hiyo inahesabiwa kuwa ya mfua dhahabu Gil Vicente. Nimeona vitu vizuri maishani, ila sijaona mkono wa binadamu uliofanya kazi kwa subira kiasi kile.

Kwenye ukingo wa kitako kuna maandishi. Rafiki yangu aliinama akaanza kuyasoma, akasita, akaniangalia. Yanasema mfalme Manuel aliamuru chombo hiki kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilimalizika mwaka 1506.

Habari yenyewe nilikuwa naijua kutoka vitabuni, nami nimewahi kuifundisha. Julai 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alitia nanga mbele ya Kilwa akiwa na mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim kulipa kodi la sivyo mji upigwe. Mithkali 1,500 za dhahabu zikatolewa, naye akazifikisha Lisbon mwaka 1503. Dhahabu ile ilikuwa imechimbwa bara, kwenye nyanda za Zimbabwe, ikasafirishwa hadi Sofala, na kutoka Sofala ikaletwa na majahazi hadi kisiwa cha Kilwa. Kilwa ndiyo iliyoshika njia hiyo. Utajiri wa njia hiyo ndio uliomjengea Sultani al-Hasan ibn Sulaiman jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, na msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji. Kodi ile haikuleta salama. Julai 1505 Francisco de Almeida alifika na meli zake, akashusha askari, akauteka mji na kuupora, akajenga ngome. Mwezi uliofuata akaichoma Mombasa. Gil Vicente alipomaliza kuwachonga mitume, mji uliotoa dhahabu ulikuwa umekwisha vunjwa.

Kuijua habari na kuisoma imechongwa kwenye dhahabu yenyewe ni mambo mawili. Nilijaribu kumweleza mlinzi wa chumba kile kwamba Kilwa ndiko kwetu. Rafiki yangu akamtafsiria. Mlinzi, mtu mzima mwenye mvi, aliondoka akarudi na kiti, akakiweka mbele ya kioo nikae. Nilikaa.

Usiku nilimsimulia yule mjane. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, na huo mji wa Kilwa sasa ukoje? Nikamwambia ni magofu. Msikiti Mkuu una kuba zake, kuta za Husuni zimesimama nusu, mikoko imeingia hadi karibu na ngome. Akajipiga kifuani kwa kiganja. Akasema mji ukikosa watu wake hata mawe huumwa. Nililiandika neno hilo kwenye daftari langu, ninalo mpaka leo.

Nilirudi Aprili 2024, safari hii na binti yangu ambaye anafanya kazi Rotterdam. Rafiki yangu ametangulia mbele ya haki, na kwa sehemu nilikwenda kwa ajili yake, ili mmoja wetu awepo mapinduzi yakitimiza miaka 50.

Tulishuka Martim Moniz nimpandishe binti yangu tramu namba 28 kama nilivyomuahidi tangu mdogo. Foleni ilizunguka uwanja. Wote walikuwa wageni, simu mkononi, na tramu ilipokuja ilijaa pale pale kituo cha kwanza na kuondoka. Baadaye, kwenye kituo cha mbele, niliwaona wanawake wawili wazee na mifuko ya soko, wakiiangalia ikiwapita. Mwaka uliofuata, Septemba 3, 2025, nilisoma habari za behewa la Glória, lile lililokuwa likipanda kutoka Restauradores kwenda Bairro Alto tangu mwaka 1885. Kebo iliyoyaunganisha mabehewa mawili ilichomoka kwenye kiungio chake, behewa likaporomoka na watu 16 wakafa. Mwaka 1999 mimi na rafiki yangu tulipanda behewa hilo pamoja na wanafunzi na fundi mmoja aliyebeba ngazi.

Siku ile ya 2024, tulipokuwa bado tumesimama Martim Moniz, tukijadiliana kwa Kiswahili kama tutembee au la, kijana mmoja aliyekaa kwenye bajaji alitugeukia. "Shikamoo mama. Mnatoka Tanzania?" Anatoka Mocímboa da Praia. Kwao husema Kimwani, na Kiswahili alikinyoosha Mtwara alikofanya kazi kabla vita havijaanza kwao Oktoba 2017. Sasa anaendesha bajaji ya umeme, kazi yake kuwazungusha watalii kwenye mitaa ya kale. Mwaka 1999 Lisbon haikuwa na bajaji hata moja. Safari hii zilikuwa zimepanga mstari mbele ya kila kanisa.

Nikamwambia anipeleke Alfama, nikamtaja mjane na kichochoro.

Mawe ni yaleyale. Vigae vya bluu vimesafishwa, kuta zimepigwa rangi, unyevu umetibiwa. Mtu anayetaka kupiga picha leo atapata picha nzuri kuliko zangu. Ila sauti ya asubuhi imekuwa ya magurudumu ya masanduku yakiburutwa kwenye mawe, wengine wakifika, wengine wakiwahi uwanja wa ndege. Kwenye milango, pembeni ya kitasa, kuna visanduku vidogo vya chuma vyenye namba. Binti yangu alinieleza kazi yake: mgeni hutumiwa namba kwenye simu, akafungua, akachukua ufunguo, akaingia, akalala, akaondoka, asikutane na mwenye nyumba wala jirani. Mlango wa nyumba tuliyolala ulikuwa na visanduku vinne.

Kijana wetu aliuliza kwenye mkahawa wa pembeni. Mama mmoja mzee alitoka, mmoja wa wachache waliobaki, akanishika mkono. Jengo liliuzwa, akasema. Mnunuzi alileta barua ya ukarabati mkubwa. Mjane akahamia kwa mwanawe ng'ambo ya mto, akawa anavuka na feri mara kwa mara kuja kukaa mkahawani na wenzake, baadaye miguu ikakataa, kisha akafa. Mazishi yake watu wa Alfama walikodi gari kwenda. Mama yule alisimulia haya bila haraka, na kijana alitafsiri akiwa ameinamisha kichwa, na mimi nikawa najiuliza ni nani atayakumbuka haya mama huyu naye akiondoka.

Haikuwa kazi ya mtu mmoja mbaya. Mwaka 2011 Ureno ilielemewa na madeni ikapewa mkopo wa euro bilioni 78, na moja ya masharti ilikuwa kulegeza sheria za upangaji. Sheria ya mwaka 2012 ilifungua kodi zilizokuwa zimezuiwa kwa miongo. Wazee waliwekewa kinga ya muda, lakini jengo zima likitangazwa kufanyiwa ukarabati kinga hiyo ilikuwa na tundu. Mwaka huohuo mgeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya akaruhusiwa kupata kibali cha ukaazi kwa kununua nyumba ya euro 500,000. Mwaka 2014 kusajili nyumba ya kupangisha wageni kwa siku kukawa jambo rahisi. Mwaka 2017 bandari mpya ya meli za utalii ikafunguliwa miguuni pa Alfama. Jiji lilipositisha usajili mpya katika mitaa hii mwishoni mwa 2018, wenyewe walikuwa wameshatawanyika. Lisbon ilikuwa na watu zaidi ya 800,000 mwaka 1981. Hesabu ya 2021 iliwakuta kama 545,000. Ni kweli wengi walitoka zamani kwa hiari yao, wakitafuta nyumba zenye nafasi, kama watoto wa mjane wetu. Na ni kweli pia kwamba nyumba nyingi zilikuwa zinaanguka na fedha za watalii ndizo zilizozisimamisha. Hayo nayakubali. Bado naona kwamba ungepatikana utaratibu wa kutibu ukuta bila kumtoa anayelala nyuma yake.

Mouraria, mtaa wa jirani, kuna kichochoro ambacho picha za wazee wa pale zimechapwa kwenye kuta za nyumba zao: wamekaa, wamesimama mlangoni, mmoja anacheka. Ni kazi ya upendo, anayepita huinua macho akawaona. Kijana wetu alituambia wengi wao wamekufa. Binti yangu alisimama mbele ya kila picha, hakupiga hata moja.

Siku ya Aprili 25 Avenida da Liberdade ilifurika. Sijawahi kuona umati mkubwa kiasi kile ukawa mpole kiasi kile: mababu, watoto juu ya mabega, vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya udikteta wakiwa na maua mekundu masikioni. Wale wazee wa vita walikuwa wamepungua sana. Nilimtafuta kwa macho yule wa Mueda, nikijua sitamwona. Na katikati ya mabango ya uhuru na amani yalikuwapo mengi ya madai ya nyumba, yameandikwa kwa mkono na vijana ambao kodi ya chumba kimoja inameza karibu mshahara wote. Kijana wetu alikuja na mke wake. Wanakaa Amadora, kwenye njia ya treni ya Sintra. Mke husafisha vyumba vya wageni Baixa, na huondoka nyumbani kabla hakujapambazuka pamoja na wanawake wa Cape Verde, Guinea-Bissau na Angola, treni imejaa wao tu.

Kesho yake nilimwomba kijana atupeleke Janelas Verdes. Alisema miaka yote ya kazi yake hakuna aliyemwomba apelekwe huko, wote wanataka Belém. Chumba kilikuwa kitulivu kama nilivyokiacha. Nilimwonyesha kitako cha monstransi, nisimwambie kitu, akayasoma maandishi kwa Kireno, polepole. Alipofika kwenye jina aliweka mkono mdomoni. Watu wa pwani yao nao hudai asili ya Kilwa, akasema. Bibi yake alikuwa akiwahesabia mababu mpaka huko.

Tulipotoka tulikaa kwenye bustani ya makumbusho, tukiangalia meli mtoni, na maswali yake hayakuisha. Akauliza kama kuna anayeishi Kilwa Kisiwani siku hizi. Nikamwambia wapo. Kuna kijiji katikati ya magofu, wavuvi na wakulima, watoto wanasoma shule, wanawake wanateka maji kwenye visima, na njia ya kwenda shamba hupita kando ya Husuni. Wanaujua kila ukuta. UNESCO iliyaingiza magofu kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, ikayaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na mwaka 2014 yakaondolewa kwenye orodha hiyo baada ya kuta nyingi kukarabatiwa, kazi ambayo wanakijiji wenyewe walishiriki. Na miaka hii meli za utalii zimeanza kutia nanga. Wageni huletwa ufukweni kwa boti, wanatembezwa, wanarudi melini. Vijana wa Kisiwani wanapata fedha kidogo na ninafurahi kwa hilo.

Alinisikiliza, kisha akauliza nani anamiliki nyumba za kijiji.

Wenyewe, nikamwambia.

"Basi mama, ukirudi waambie wasiziuze."

Nikamwambia asihofu, nyumba za Kisiwani ni za udongo na makuti, nani atazitaka.

"Hata za Alfama," akasema, "zamani hakuna aliyezitaka."